Mvita, Itazamwapo kutoka Ng'ambo

Atokaye Ziwa la Ng'ombe alfajiri kwenda mjini, akiisha kupita Kengeleni na ghasia za Kongowea, hufika mahali ambapo barabara huinuka kidogo, upepo wa chumvi ukaingia kwa madirisha ya matatu, na mara akajiona yu juu ya maji. Daraja la Nyali limembeba. Na mbele yake, juu ya ukingo wa jiwe jeusi ulioliwa chini na mawimbi hata ukawa kama kibaraza kisichokuwa na nguzo, ndiyo Mombasa. Abiria wengi saa hiyo wamo usingizini au wahesabu nauli, na wale waliobahatika kukaa dirishani wamekwisha kuizoea mandhari hiyo kiasi cha kutoiona tena.

Kisiwa hiki kimeandikwa sana. Walakini wengi walioandika habari zake walikuja kwa bahari, wakakitazama kwanza kutoka staha ya merikebu, na kwa hiyo taarikhi yake husimuliwa aghalabu kama hikaya ya watu washukao pwani: Waarabu, Wareno, Waturuki, Waingereza, kila mmoja na bendera yake na mizinga yake. Mimi ni mkaa bara ya Kisauni, na huku kwetu jambo hilo huonekana kwa upande wa pili. Kisiwa hakikupata hata siku moja kujitosheleza kwa nafaka wala kwa watu, na tangu zama za malkia wake wa kwanza, aliyekishika alikuwa ni yule aliyevishika vivuko vyake, au aliyepatana na watu wa ng'ambo waliovilinda.

Jiwe

Kisiwa chenyewe si kikubwa, eneo lake ni kama kilomita 14 za mraba, na chote ni jiwe la matumbawe. Zamani zilizopita miaka laki moja na zaidi, bahari ilipokuwa juu kuliko ilivyo sasa, vijidudu vya baharini vilijenga mwamba huo kidogo kidogo. Kisha maji yakashuka, mwamba ukabaki nchi kavu, mito ikachimba mabonde kati yake, na bahari iliporudi kupanda ikaingia katika mabonde hayo ikayafanya mikono miwili. Mmoja ni ule wa Tudor, upitao kati ya mji na Kisauni, na wa pili ni ule wa Kilindini, ambao jina lake lasema lenyewe kina chake. Mikono hiyo miwili ikaja kukutana nyuma ya kisiwa, pale Makupa, kwa maji machache mno, hata bahari ikipwa mtu aliweza kuvuka kwa miguu. Msomaji na alishike vema jina hilo la Makupa, kwani damu nyingi imemwagika pale.

Jiwe hilo ndilo lililofanya uzuri wa mji. Fundi wa kale alikuwa na matumbawe ya namna mbili: lile gumu lichimbwalo nchi kavu, ambalo alijengea kuta, na lile lililotolewa baharini lingali bichi, laini hata huchongeka kwa tezo, ambalo alitilia nakshi mihrabu na vizingiti, kisha likikauka kwa jua likawa gumu lisishikike. Vipande vilivyobaki vilipangwa juu ya kuni vikachomwa vikawa chokaa. Dari ilishikwa na boriti za mikoko zilizokatwa katika mikono hiyo hiyo ya bahari, na kwa kuwa mti wa mkoko haupiti urefu wake, boriti ndiyo iliyopima upana wa chumba. Ndiyo sababu nyumba za kale zina vyumba virefu vilivyo vyembamba, ambavyo mgeni huvidhania ni ujia. Hapana kilichotoka mbali isipokuwa mapambo, vyombo vya China na nguo za Bara Hindi.

Malkia, shehe na msafiri

Wenyeji husimulia kwamba mji wa kwanza ulikuwa wa malkia, Mwana Mkisi, na kwamba mji wake uliitwa Kongowea. Baada yake akaja Shehe Mvita, Mwislamu mwenye elimu, ambaye yasemwa alijenga msikiti wa kwanza wa mawe, na jina lake likawa ndilo jina la kisiwa. Na wazee wa Thenashara Taifa, yaani makabila kumi na mawili ya Waswahili wa Mombasa, wamehifadhi kumbukumbu yake hata leo. Kwa watu wa huku kwetu hikaya hiyo ina ladha yake: jina la mji wa malkia limeondoka kisiwani likavuka maji, na leo Kongowea ni ng'ambo ya bara, ni soko ambalo mji mzima wa Mombasa hula kutokana nalo.

Hikaya ya Mwana Mkisi haina tarehe, bali udongo unayo. Katika miaka ya 1970 wataalamu wa mambo ya kale walichimba kwenye ukingo uelekeao Kisauni, katika uwanja wa hospitali kuu ya mkoa, wakaona magae na misingi ya mji ulioanza kukaliwa yapata mwaka 1000. Mji mkongwe wa Mombasa basi haukuwa pale ambapo watalii hupelekwa. Ulikuwa hapa karibu na daraja letu, umelikabili bara.

Mwanajiografia Al-Idrisi aliutaja mji huu mwaka 1154, naye hakuufikia. Aliyefika ni Ibn Battuta wa Tangier, mwaka 1331, akiwa safarini kwenda Kilwa, akalala usiku mmoja tu; na katika usiku huo mmoja aliona mambo ambayo wengine hawakuyaona kwa mwaka. Aliona ndizi, ndimu na balungi, na tunda ambalo alilifananisha na zeituni za kwao, lenye kokwa kama kokwa ya zeituni ila tamu mno. Kwa jina alilolipa, mtoto yeyote wa Mombasa aliyepata kurudi nyumbani na ulimi wa zambarau atalitambua. Aliona watu wacha Mungu, wa madhehebu ya Shafii, na misikiti yao iliyojengwa kwa mbao ujenzi wa sawasawa. Mlangoni mwa kila msikiti palikuwa na kisima, pengine viwili, kina chake dhiraa moja au mbili, na watu wakiteka maji kwa chombo cha mti kilichotiwa mpini mwembamba. Atakaye kuingia huosha miguu, akaifuta kwa kipande cha jamvi nene lililowekwa hapo, akaingia. Hata leo, ashukaye kutoka msikiti wa Mandhry, ambao hutajwa kuwa wa mwaka 1570 au karibu yake, ataona kisima upande wa pili wa njia.

Na katika maneno yake lipo moja ambalo msomaji mwenye haraka hulipita. Asema kwamba kisiwa hakilimi nafaka, nafaka huletwa kutoka nchi ya pwani. Miaka 167 kabla Mreno hajaja, msafiri wa usiku mmoja alikwisha kuligundua gonjwa la Mvita.

Moto, 1498 hadi 1592

Vasco da Gama alitia nanga nje ya bandari Aprili 1498. Siku chache kabla yake habari za mabaya aliyoyafanya kusini, kule Msumbiji, zilikwisha kufika, na usiku watu wa mji wakaogelea kimya mpaka kwenye merikebu zake wakajaribu kuzikata amari. Hawakufaulu, naye akang'oa akaenda Malindi, ambako alipokewa kwa furaha, si kwa kuwa watu wa Malindi walipenda wageni zaidi, bali kwa kuwa walikuwa na ugomvi wa siku nyingi na Mombasa na wakaona wamepata silaha. Mapokezi hayo yaliamua mambo ya pwani kwa miaka mia mbili.

Agosti 1505 akaja Francisco de Almeida na jeshi, akauteketeza mji. Mmoja wa waliokuwapo aliandika kwamba nyumba za mawe zilikuwa ndefu, zimepakwa chokaa, lakini zilizungukwa na nyumba za miti na makuti, na moto ulipotiwa humo mji uliwaka usiku kucha. Aliandika pia kwamba vichochoro vilikuwa vyembamba, watu wawili hawawezi kwenda bega kwa bega, na mbele ya kila nyumba pana viti vya mawe vinavyozidi kuviziba. Ni baraza hizo! Askari mwenye silaha aliyeuchukia mji kwa kuwa hakuweza kupita ndani yake alizitaja baraza zetu kama pingamizi la vita, asijue kwamba ndizo zilizokuwa mahakama, madrasa na sebule ya mji.

Watu walikimbilia kwenye minazi, wakangoja, wakarudi wakajenga. Mwishoni mwa 1528 akaja Nuno da Cunha akachoma tena, akakaa miezi akingojea pepo, na homa ikamwulia watu wengi kuliko waliouawa kwa mishale. Akaondoka, na wenyewe wakarudi tena. Huo ulikuwa ndio uthabiti wa Mombasa: kulikuwa na pa kukimbilia. Kisiwa kilichoungua kilikuwa na bara ya kukihifadhi, na mradi urafiki wa bara udumu, moto haukuweza kuua mji.

Mwaka 1589 urafiki huo haukutosha. Amir Ali Bey, nahodha wa Kituruki aliyekuja kutoka Bahari ya Sham, alikuwa amekwisha kujenga boma Mombasa kwa ridhaa ya wenyeji, na Wareno wakatoka Goa na merikebu nyingi chini ya Tomé de Sousa Coutinho kuja kumtoa. Wakati huo huo, upande wa Makupa, walikuwa wametua Wazimba, watu wa vita waliopanda kutoka kusini ya mbali wakiharibu miji, wakingojea tu nafasi ya kuvuka. Waturuki waligawanya nguvu zao, nyingine zikatazama bahari na nyingine zikatazama bara, na mambo yakawashinda pande zote mbili. Mreno aliingia bandarini, Mzimba akavuka Makupa, na watu wa mji wakawa kati, wengine wakijitosa majini kuelekea merikebu za adui yao wa zamani kwa kumwona ni afadhali.

Wazimba wakaendelea mpaka Malindi, na huko Wasegeju wakawavunja. Kisha Wasegeju hao wakashuka, wakaitwaa Mombasa iliyokuwa haina nguvu tena, wakampa Sultani wa Malindi. Kwa hiyo aliyekuja kukaa kisiwani kama mfalme, na Mreno nyuma yake, alikabidhiwa mji na watu wa bara.

Ngome, 1593 hadi 1698

Ngome ya Wareno ilianza kujengwa mwaka 1593. Aliyeichora alikuwa Mtaliana wa Milano, Giovanni Battista Cairati, fundi wa ngome katika utumishi wa mfalme wa Hispania ambaye wakati huo alikuwa pia mfalme wa Ureno. Na elimu aliyoileta ilikuwa ile iliyokomaa katika vita vya Bahari ya Kati, ya kuta nene zenye pembe zilizopangwa ili kila pembe ilinde jirani yake. Ukiitazama ramani yake utaona kama umbo la mtu aliyelala, kichwa baharini. Elimu ilikuwa ya Mtaliana. Jiwe lilikuwa la Mvita, na handaki lilikatwa katika mwamba ule ule.

Pamoja na ngome kubwa, Wareno walijenga maboma matatu madogo Makupa, maana walikwisha kuona mlango wa nyuma ulivyoachwa wazi mwaka 1589. Hata hivyo, hawakuweza kuishi kwa mizinga: nafaka ilitoka kwa Wamijikenda, ambao siku zile Wareno waliwaita kwa majina mengine, nao walilipwa nguo kila mwaka ili njia zisifungwe. Mwenye ngome akawa mlipa kodi.

Katika karne hiyo yote hapana kisa kinachonishika kama kile cha Yusuf bin Hassan. Baba yake, Sultani Hassan, aligombana na kapiteni wa ngome, akavuka bara kutafuta himaya upande wa Rabai, na mwaka 1614 akauawa huko kwa hiana iliyonunuliwa kwa nguo za Wareno. Kichwa chake kikapelekwa Goa. Mtoto Yusuf, ambaye hakuwa na umri wa kuelewa, naye akapelekwa Goa, akalelewa na mapadri, akabatizwa kwa jina la Dom Jerónimo, akafunzwa ubaharia na mizinga. Mwaka 1626 walimrudisha Mombasa kuwa mfalme, wakidhani wamejitengenezea mtu wao. Wakaja kumwona usiku akisoma dua kwa desturi ya Kiislamu juu ya kaburi la baba yake. Kabla hawajamshitaki, Agosti 1631, aliingia ngomeni na watu wake kama mgeni wa heshima, akamchoma kapiteni kwa jambia, akakana ubatizo, na Wareno wa mji wakauawa karibu wote.

Mwaka uliofuata zikaja merikebu nyingi kutoka Goa, zikamzingira, zikashindwa. Na yeye, baada ya ushindi huo ambao kila mtu angeutegemea kumfanya akae, akaivunja ngome kadiri alivyoweza, akapakia mizinga, akaondoka baharini akawa mtekaji wa merikebu mpaka alipofariki Jeddah mwaka 1638. Kwa nini aliondoka? Nafikiri alijua kile alichokijua Ibn Battuta. Angeweza kuipiga bahari. Lakini kisiwa kisichokuwa na bara iliyotulia nyuma yake kingemla mwenyewe kwa njaa, na bara hiyo ndiyo iliyomwuza baba yake. Wareno walirudi, wakaweka juu ya lango jiwe la mwaka 1639 la kujisifu, ambalo lingali pale, na wageni husimama chini yake wakipigwa picha.

Mwisho wao ulikuja polepole. Machi 1696 majeshi ya Imamu wa Oman, Saif bin Sultan, yaliizingira ngome, na mzingiro ukaendelea miezi thelathini na mitatu. Waliokuwa ndani walikufa zaidi kwa tauni na kwa njaa kuliko kwa risasi, hata wakati mmoja mwaka 1697 Wareno walipobaki wachache mno, ulinzi ulishikwa na Bwana Daud wa Faza na watu wake, Waswahili wa Kisiwa cha Pate, jambo ambalo wapendao kuigawa taarikhi yetu kuwa ya Wazungu upande huu na Waislamu upande ule hulipita haraka. Merikebu iliyoletwa kuwaokoa, Santo António de Tanná, ilizama chini ya kuta mwaka huo huo, na bado mbao zake zimo matopeni. Tarehe 13 Desemba 1698 ngome ilianguka, na waliotoka hai walihesabika kwa vidole.

Wareno walirudi mara moja tu, mwaka 1728, Waomani walipokuwa wakipigana wenyewe kwa wenyewe. Watu wa Mombasa wakawatoa mwaka 1729. Walichokiacha kizuri, kwa maoni yangu, ni kitu kidogo: kipande cha ukuta ambacho askari au mabaharia, kwa uchovu wa kungoja, walikichora kwa makaa na udongo mwekundu merikebu, samaki na makanisa. Mkono uliochora hayo ulikuwa na hamu ya kwao, nasi twajua hamu hiyo ilivyo.

Wamazrui na wazee wa baraza, 1730 hadi 1837

Kwa karne nzima baada ya hapo Mombasa ilitawalwa na Wamazrui, waliotumwa kutoka Oman kuwa maliwali na wakaona ni bora kuwa wenyewe. Muhammad bin Uthman alikataa kumtambua Ahmad bin Said, wa nasaba ya Busaidi, aliposhika Oman miaka ya 1740. Akauawa ndani ya ngome mwaka 1746. Ndugu yake Ali akaifufua kazi. Hekima yao ilikuwa moja. Walitawala kwa kushauriana na wakubwa wa Thenashara Taifa, ambao nao walikuwa na udugu wa kale na watu wa bara, taifa hili na Wadigo, taifa lile na Wagiriama, na kwa njia hiyo nafaka na askari wakavuka bila ya kununuliwa. Pemba ikawa shamba lao la mpunga.

Mizani ilianza kulala yapata mwaka 1812, walipokwenda na watu wa Pate kuipiga Lamu, wakavunjwa ufuoni Shela. Lamu kwa khofu ya kisasi ikamwita Seyyid Said wa Oman, na alipokwisha kuukanyaga mchanga wa pwani hakuondoka tena. Zama hizo ndizo za Muyaka bin Haji, malenga wa Mvita, aliyejibizana na maadui kwa mashairi kama wengine walivyojibizana kwa mizinga. Tungo zake zilihifadhiwa baadaye kwa jitihada ya Mwalimu Sikujua na mmisionari William Taylor, la sivyo zingalizikwa na waliozijua.

Wamazrui walijaribu kila mlango. Februari 1824 walimwomba Kapiteni Owen, nahodha wa Kiingereza aliyekuwa akipima pwani, awapandishie bendera yake, naye akakubali bila ya idhini ya wakubwa wake. Afisa aliyemwacha, Reitz, alikufa kwa homa katika miezi michache, na jina lake likabaki kwenye mkono wa bahari, Port Reitz. Mwaka 1826 London ikaishusha bendera. Mwaka 1837 Seyyid Said, aliyekwisha kujua kwamba ngome haichukuliwi kwa mizinga, aliichukua kwa mapatano na kwa fitina kati yao wenyewe. Wakuu wa Kimazrui wakakamatwa wakahamishwa, wasirudi.

Kengele ya Kisauni, 1844 hadi 1895

Sasa hikaya yavuka maji kuja upande wetu. Mmisionari Ludwig Krapf alifika Mombasa mwaka 1844 pamoja na mkewe Rosine. Miezi miwili baadaye mkewe alifariki baada ya kujifungua, na mtoto akamfuata. Wakazikwa ng'ambo, upande wa Kisauni, na kaburi lipo mpaka leo. Krapf mwenyewe akaenda Rabai, na kamusi aliyoikusanya kwa miaka, ikachapwa mwaka 1882 baada ya kufa kwake, ilijaa Kimvita.

Chini ya Mabusaidi, jamaa ya Seyyid Said, ardhi ya Kisauni iligawanywa mashamba ya minazi na mtama, na waliolima walikuwa watumwa. Mkataba wa mwaka 1873 ulipofunga soko la watumwa la Unguja, wamisionari wa Kiingereza wakaanzisha mwaka 1875 kijiji cha waliokombolewa baharini, wakakiita Freretown kwa jina la Bartle Frere, aliyeufanya mkataba ule. Wakubwa wa kijiji walikuwa Wabombei, Waafrika waliolelewa Bara Hindi baada ya kuokolewa utotoni, wakarudi na Kiingereza na ufundi. Palikuwa na kengele, na yasemwa ililia kuwaonya watu walipoonekana watekaji. Ndiyo iliyotupa jina la Kengeleni, ambalo makondakta wetu hulitamka mara mia kwa siku. Watoro wa mashambani nao wakaanza kukimbilia misheni, na wenye mashamba wakakasirika, hata Kampuni ya Waingereza, ilipopata kuikodi pwani, ikalazimika mwanzoni mwa 1889 kulipa fidia ya watoro zaidi ya 1,400 ili amani ipatikane.

Tuta na daraja

Kampuni ikashindwa kazi, na mwaka 1895 serikali ya Uingereza ikachukua mahali pake. Ngome ikawa gereza. Mwaka uliofuata reli ikaanza kwenda Uganda, na kitu cha kwanza ilichohitaji kilikuwa ni kuvuka Makupa: likajengwa daraja lililoitwa Salisbury, kwa jina la waziri mkuu wa Uingereza, na baadaye tuta la mawe na udongo likafunga kivuko kabisa. Pale walipopita Wazimba wakapita magari. Makao ya serikali yakahamia Nairobi mwaka 1905, na mji ambao ulikuwa mlango wa nchi ukabaki bandari yake. Gati za kina zikafunguliwa Kilindini mwaka 1926. Mwaka 1928, katika mkutano uliofanyika Mombasa yenyewe, wakubwa wa serikali waliamua kwamba Kiswahili cha vitabu kiwe cha Unguja. Kimvita kikahukumiwa katika nyumba yake, nasi tulio wakaa huku hatujasahau.

Daraja la kwanza la Nyali, lililoelea juu ya maji, lilifunguliwa mwaka 1931. La sasa, refu na la juu, mwaka 1980. Kivuko cha Likoni kikaanza mwaka 1937. Katika miaka ya 1950 maji ya kunywa yakaletwa kwa mabomba kutoka chemchemi za Mzima, huko Tsavo, kwani visima vya misikiti havikuweza tena kuunywesha mji. Na jirani yetu, kiwanda cha saruji cha Bamburi, kikaanza mwaka 1954 kulivunja jiwe la matumbawe na kulichoma, kazi ile ile ya wachoma chokaa kwa kipimo ambacho Mwana Mkisi asingaliweza kukiwazia. Mashimo yaliyobaki yalikuwa jangwa jeupe, mpaka mwaka 1971 René Haller alipoanza kupanda mivinje ndani yake, na leo pana msitu.

Ngome iliacha kuwa gereza mwaka 1958, ikafunguliwa makumbusho mwaka 1960. Juu yake bendera nyekundu ya Sultani wa Unguja iliendelea kupepea kwa sababu ya mkataba wa kumkodi maili kumi za pwani, hata mapatano ya Oktoba 1963 yalipoitoa pwani kwa Kenya, na Desemba ikashushwa. Mwaka 2011 UNESCO ikaitia ngome katika urithi wa dunia.

Lililobaki ni la juzi. Kwa miaka mingi tuta la Makupa lilizuia maji ya Kilindini yasikutane na ya Tudor, matope yakajaa, mikoko ikafa kwa kukosa mwendo wa bahari, na kisiwa, kwa hesabu ya maji, kikawa rasi tu. Mwaka 2022 likafunguliwa daraja la nguzo, na tuta likachimbuliwa. Nilikwenda kutazama siku moja ya bamvua, nikasimama ukingoni. Maji yalipita chini ya nguzo kwa nguvu, ya rangi ya chai, yakizunguka nyuma ya mji kama yalivyozunguka siku za Wazimba. Na vijana wawili walikuwa wamevua viatu, wamekaa juu ya mawe yaliyobaki ya tuta, wametupa mishipi yao. Mmoja alimtweka changu wa kiasi cha kiganja, akamtazama, akamrudisha. Juu yao lori la makontena lilikuwa likielekea Changamwe.